Kitunguu Kisichoingia Jikoni



Ndugu wasomaji, mama zangu na dada zangu, yapo maua ambayo sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa kuyapenda. Asumini twaijua kwa harufu kabla ya kuiona. Mlangilangi ukichanua, mtaa mzima hupata habari. Kikuba kikipita ujiani, hata aliyefumba macho hutambua kuwa karibu kuna harusi. Maua yetu ni ya pua kwanza, kisha ndipo yakawa ya jicho.

Leo nataka kuwaandikia juu ya ua lisilo na harufu ya kutajika, lisilosukwa kikuba, lisiloliwa na mtu wala kutiwa katika chai, na ambalo huonekana juma moja au mawili tu katika mwaka mzima. Mama yangu mzazi, Mwenyezi Mungu amrehemu, alilitunza katika kiwanda cha nyumba yake Lamu kwa muda wote ninaoukumbuka. Mimi, mwanawe wa kwanza, sikujua lolote juu ya ua hilo mpaka siku ujinga wangu ulipokaribia kuleta msiba katika nyumba ile ile.

Ilikuwa mwezi wa Januari, kaskazi ikivuma. Nilitoka Mombasa mara baada ya swala ya alfajiri, nikapanda basi la Lamu. Njia hiyo waijua walioipita: Kilifi, Malindi, kisha nyanda zisizokwisha hadi Garsen na mto Tana, vizuizi ambapo abiria huteremka na vitambulisho mkononi, Witu, na hatimaye Mokowe, ambako gari hukoma na bahari huanza. Msimu ule nchi yote ilikuwa imekauka. Nyasi zilikuwa na rangi ya mchanga, na mbuzi walisimama kwa miguu ya nyuma wakitafuta majani yaliyosalia juu ya miiba. Pale gatini Mokowe nilishuka na vumbi mpaka kwenye kope, nikapanda mashua ya injini, na baada ya muda si mrefu nikaiona Lamu imelala ukingoni mwa maji, nyeupe, kama ilivyokuwa nilipoiacha.

Sikuwa nimekwenda matembezini. Mama alikuwa amefariki msimu wa kusi uliotangulia, na sisi watoto wake watatu tulikuwa tumeahidiana kukutana ili kupanga alivyoviacha. Ndugu yangu wa kiume alipata ruhusa kazini kwake Ughaibuni akaja. Dada yetu mdogo hakuhitaji kusafiri, kwani yeye ndiye aliyebaki na mama, akamuuguza, na bado anaishi mle na watoto wake.

Nyumba yenyewe iko mtaa wa Mkomani. Ni nyumba ya mawe ya kale, kuta zake za matumbawe na chokaa, dari zake za boriti za mikoko. Ukiingia kwa daka unapinda kona, ili mpita njia asiwaone walio ndani, kisha unatokeza kiwandani ambako mwanga wa mbingu hushuka moja kwa moja. Pale ndipo mama alipokaa kila alasiri akichambua mchele. Upande mmoja kuna mkomamanga. Chini ya kivuli cha mkomamanga huo palikuwa na vyungu viwili vya udongo na kopo moja kuukuu la samli, vyote vimejaa mchanga mkavu uliopasuka, bila jani hata moja.

Siku ya pili niliamka na hima ya kufanya kazi. Nikafagia kiwanda, nikapanga viti, kisha nikavitazama vile vyungu na lile kopo. Nikasema moyoni: mama alipougua hakuna aliyevimwagilia maji, na kilichokuwamo kimekufa. Nikaliinua kopo la samli, nikalimwaga karibu na mlango, mahali tunapoweka taka zinazongoja kuchukuliwa. Katika ule udongo zilitoka tunguu tano au sita zenye maganda ya kahawia. Nikadhani ni vitunguu vya zamani vilivyosahauliwa. Nikaviacha pale juu ya udongo nikaenda msikitini kwa swala ya adhuhuri.

Niliporudi nilikuta nyumba imenyamaza kimya kisicho cha kawaida. Mpwa wangu, binti wa miaka tisa, alikuwa amekaa kwenye kibao cha jikoni akilia, na mama yake anamwosha mikono kwa sabuni, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Yule mtoto alikuwa ametumwa alete vitunguu kutoka kapuni. Alipopita karibu na mlango akaviona vile, akaona ni israfu kutupa chakula, akaviokota viwili. Akaketi kumenya. Kilichotuokoa, baada ya rehema za Mwenyezi Mungu, ni neno moja alilolisema kwa kushangaa: "Mama, mbona kitunguu hiki hakinitoi machozi?"

Dada yangu aliacha mwiko ukaanguka. Akamnyang'anya kisu. Akamwuliza kama ametia chochote mdomoni, na mtoto akaapa kuwa hakutia. Mchuzi uliokuwa motoni ukamwagwa, ingawa hakuna kipande kilichokuwa kimeingia, kwani dada alisema hatamlisha mtu chakula cha shaka. Siku hiyo tulikula mkate na chai saa kumi ya jioni, na hakuna aliyelalamika.

Baadaye dada akaja kwangu na ungo, ndani yake vile vitunguu vyote, vizima na vilivyomenywa. Hakupandisha sauti. Akasema, "Kaka, wewe umesoma vitabu vingi, lakini hiki hukukisoma. Mama alikuwa na kanuni mbili juu ya vyungu hivi. Ya kwanza, kitunguu hiki hakiingii jikoni. Ya pili, aliyelala hanyweshwi maji. Mimi nilifundishwa nikiwa mdogo kuliko huyu. Nyinyi wanaume hamkuwahi kuuliza."

Ndugu wasomaji, sikuwa na jibu, kwa kuwa alisema kweli. Tangu siku hiyo nimeuliza, nimesoma, na nimetazama. Ningependa mliyonayo majumbani mwenu muyajue, ili lililotukaribia lisiwafikie.

Mmea huu wataalamu huuita Scadoxus multiflorus, na katika vitabu vya zamani utaukuta kwa jina la Haemanthus, neno la Kiyunani lenye maana ya ua la damu. Si mgeni aliyeletwa na meli. Ni mwenyeji wa bara letu, huota kutoka Senegal hadi Somalia na kushuka mpaka Afrika Kusini, na hupatikana pia ng'ambo ya bahari katika nchi ya Yemen. Mama alivipata vitunguu vyake vya kwanza katika shamba la babu upande wa bara, karibu na Mkunumbi, chini ya miti, ambako mvua za kwanza zikinyesha maua yake huchomoza kutoka kwenye majani makavu yaliyofunika ardhi.

La kushangaza ni nasaba yake. Wataalamu wa leo wanauhesabu mmea huu katika ukoo mmoja na kitunguu maji na kitunguu thomu. Ndugu hawa wanafanana sura, lakini tabia zao ni mbalimbali. Mmoja hutia ladha mchuzi wetu kila siku, na mwenzake ana sumu, hasa katika tunguu yake. Akiula mtu, sumu hiyo humletea kichefuchefu, kutapika na kuharisha, na kwa mtoto mdogo au kwa aliyekula kingi hatari huwa kubwa zaidi. Mbuzi na kondoo nao hudhurika wakiula. Katika sehemu kadhaa za Afrika sumu ya mmea huu ilitumika katika mishale na katika kuvulia samaki. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya mama haikuwa ushirikina wa kizee. Ilikuwa elimu.

Alama ya kumtambua ndiyo ile aliyoiona mtoto bila kufundishwa: kitunguu hiki hakina harufu ya kitunguu, wala hakiwashi macho. Lakini msitegemee pua peke yake. Vyungu viwekwe mbali na jiko na mbali na bustani ya mboga. Vitunguu vinapochimbuliwa visiwekwe kapuni wala juu ya ungo hata kwa dakika moja. Mikono ioshwe baada ya kuvishika. Watoto waambiwe wazi, kwa maneno wanayoyaelewa, wala wasiogopeshwe kwa hadithi za majini, kwani hofu isiyo na sababu husahaulika. Na ikitokea bahati mbaya mtoto akala, asipewe dawa za kubahatisha nyumbani. Akimbizwe hospitali pamoja na kipande cha mmea wenyewe, ili daktari ajue anapambana na nini. Dini yetu inakataza kujidhuru na kudhuru wengine, na kujua kilichomo katika kiwanda chako ni sehemu ya katazo hilo.

Jioni ile ile mimi na dada tulivizika vile vizima katika kopo lao. Alinionyesha namna: shingo ya kitunguu ibaki usawa wa udongo, isifukiwe ndani sana. Nikauliza kama nilete maji. Akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Aliyelala hanyweshwi maji."

Kabla hatujaagana tulizungumza juu ya vyombo vya mama, mkeka wake, kasha lake, masahani yake ya ukutani. Dada alisema angependa vyungu vile vibaki naye. Ndugu yangu alicheka, akasema mchanga hauna mirathi. Nikamwambia kila alichokiacha marehemu ni haki ya warithi wote, hata kikiwa kidogo, na kwa hivyo tuseme kwa ndimi zetu kuwa tumeridhia. Tukaridhia. Mambo ya nyumba yalichukua muda mrefu zaidi, nayo si ya kuandikwa hapa.

Nikarudi Mombasa. Januari ikapita, Februari ikapita, joto la Machi likatuchemsha. Kisha kaskazi ikatulia, kusi ikaanza kuvuta mawingu, na mvua ya kwanza kubwa ya masika ikapiga mabati yetu usiku kucha. Siku chache baadaye simu yangu ilipokea picha kutoka kwa dada. Katika udongo uliokuwa mkavu kama jivu palikuwa na ncha moja nene, nyekundu iliyofifia, mfano wa kidole kinachonyooshwa katika tashahudi. Chini ya picha aliandika: "Ukitaka kuliona, njoo sasa. Halingoji mtu."

Nikaenda. Barabara ile ile ilikuwa nchi nyingine. Nyanda za Garsen zilikuwa kijani mpaka upeo wa macho, maji yamesimama pande zote mbili za njia, ndege weupe wanatembea ndani yake, na basi letu lilikwama kwenye matope kwa muda wa saa tatu. Abiria walinung'unika. Nami ningenung'unika pia, lakini nilikuwa na aibu ya kueleza kuwa mzee wa ndevu za mvi anasafiri kutwa nzima kwenda kutazama ua.

Nilifika baada ya magharibi, nikaliona kwa mwanga wa taa. Asubuhi nikaliona kwa mwanga wa mbingu. Shina moja lililosimama wima, na juu yake tufe kamili, jekundu, lenye upana unaojaza viganja viwili. Ukilikaribia unaona si ua moja. Ni maua madogo mengi, ambayo katika tufe moja yanaweza kufika 200, kila moja limetoa nyuzi nyembamba nyekundu zenye ncha za manjano, na nyuzi hizo zikikutana ndizo zinazofanya umbo lile la mviringo. Nilikaa katika kiti cha mama, mahali alipochambulia mchele. Nikaelewa kwa nini alikiweka pale.

Hata hivyo swali lilibaki likinisumbua. Tunafundishwa kuwa Mwislamu anayepanda mti au mmea, akala humo ndege au mtu au mnyama, basi huandikiwa sadaka. Je, mmea usioweza kuliwa na yeyote? Usio na harufu ya kuwanufaisha jirani? Mama, aliyekuwa akiokota hata punje ya mchele iliyoanguka, alitoa nafasi ya kiwanda chake kidogo na maji yake kwa kitu kisicho na faida ya tumbo wala ya soko. Kwa nini?

Nimerudi kwenye Kitabu cha Mola wetu, nikaona mara ngapi tunaelekezwa kuitazama ardhi iliyokauka, jinsi inavyoteremshiwa maji ikatikisika, ikafura, ikaotesha kila aina nzuri. Hakusema chenye kuliwa tu. Alitaja na uzuri. Na alipotuhesabia neema ya wanyama wa kufuga, pamoja na joto na chakula, alitaja pia pambo tunaloliona wanaporudi jioni na wanapotoka asubuhi. Basi jicho nalo lina riziki yake. Na uthibitisho wa kufufuliwa, ambao sisi masheikh huueleza kwa maneno mengi juu ya mimbari, mama aliuweka katika kopo la samli ili wanawe wauone kila mwaka. Mimi niliutupa jaani kwa kuwa sikuwa na subira ya kungoja mvua.

Lipo jingine nililojifunza. Ramadhani na Idi zetu husogea takriban siku 11 kila mwaka katika kalenda ya jua, na huo ni mwendo wa mwezi kama alivyoukadiria Mwenye kuuumba. Ua hili halifuati mwezi. Hufuata mvua. Dada aliniambia kuwa mama alikuwa akijua masika ya kweli yamefika si kwa radio wala kwa maneno ya mabaharia. Alijua pale ncha ile nyekundu ilipopasua udongo, na hapo ndipo alipotuma watu wa shambani waanze kupanda mahindi.

Kwa atakaye kuwa na ua hili nyumbani, nawapa aliyonipa dada yangu. Chungu kiwe na matundu chini, kwa sababu kitunguu kikikaa katika maji huoza. Udongo uchanganywe na mchanga, pamoja na samadi iliyooza vizuri au majani makavu yaliyovunda. Mahali pawe na kivuli, si jua kali la mchana. Mvua zikianza, mwagilia kila udongo unapokauka juu. Ua likinyauka, kata shina lake ukitaka, lakini usiguse majani mabichi hata yakiwa yanakuchosha macho, maana ndiyo yanayokilisha kitunguu kwa ajili ya mwaka ujao. Majani yakigeuka manjano yenyewe, punguza maji, kisha acha kabisa. Chungu kitabaki kitupu kwa miezi. Usikifukue kuangalia. Usikihamishe kila mwaka, kwani mmea huu hupenda kuachwa mahali pake, ukibanana na watoto wake. Ukitaka kumpa jirani, tenganisha vitunguu vichanga wakati wa usingizi. Mbegu zake nyekundu nazo huota zikimenywa na kupandwa zikiwa bichi, lakini utangoja miaka kadhaa kabla ya kuona ua. Wala msiende kuvichimbua katika misitu yetu iliyobaki. Omba kwa aliye navyo, kwani anayevitunza vizuri huwa navyo vya kutoa.

Vyungu viwili vya mama vilichanua mwaka ule, kimoja kikatanguliza na cha pili kikafuata baada ya siku nne. Kopo la samli nililolimwaga halikuchanua. Lilitoa majani mapana, ya kijani, yenye afya, bila ua. Nilimwuliza dada kama nimeliua. Akasema, "Hapana. Ulilisumbua likiwa usingizini, nalo limekununia. Lipe majani yake, lipe usingizi wake. Mwaka ujao litasahau."

Masika yanakaribia tena. Binti yule, ambaye sasa ana miaka kumi, ndiye aliyekabidhiwa ulinzi wa vyungu, na kila Ijumaa hunitumia habari: bado, mjomba, bado limelala. Nami humjibu asitie maji.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu wazazi wetu waliotangulia, awahifadhi watoto wetu na kila lenye kudhuru, na atujaalie subira kwa kila tunachodhani kimekufa, kumbe kinangoja mvua Yake. Amin.